Kutoka Simu ya Upepo hadi Simu ya Mkononi: Kiingereza na Maandishi katika Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

1. Utangulizi

Si mara chache siku hizi kusikia malalamiko kwamba Kiingereza kinaharibika. Walimu, wahariri na wazazi, huko Uingereza na Marekani kama hapa Afrika Mashariki, huyaona maneno yaliyokatwa irabu, sentensi zisizo na nukta, na tarakimu zilizotiwa mahali pa silabi, nao huwanyoshea kidole vijana na simu zao. Mwaka 2008 mwanaisimu David Crystal alitoa kitabu kizima cha kuipima hofu hiyo. Alionyesha kwamba ufupishaji wa maneno ni desturi ya kale katika uandishi wa Kiingereza, na kwamba mtu hawezi kuifupisha vyema tahajia asiyoijua.

Mjadala huo una faida yake, lakini umejengwa juu ya dhana ambayo haisemwi waziwazi, yaani kwamba kabla ya simu watu walikuwa tayari ni waandishi, na kwamba simu imekuja kuwabadilishia uandishi wao. Dhana hiyo yaweza kusimama London au Chicago. Haisimami katika Garissa, wala Wajir, wala Mandera. Huko, kwa watu wengi, simu ya mkononi ndicho chombo cha kwanza kilichowafanya waandike kila siku, kwa hiari yao, kwa ajili ya mambo yao wenyewe.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi. Dai letu ni kwamba, katika Kaskazini Mashariki ya Kenya, mawasiliano mapya yamebadili mkono unaokiandika Kiingereza kuliko yalivyoibadili sura ya Kiingereza chenyewe. Kwa miongo mingi Kiingereza kiliandikwa juu ya watu; sasa watu wameanza kukiandika wao wenyewe. Hata hivyo, kama tutakavyoona, karani wa zamani hajaondoka kabisa, na mahali anapoonekana wazi zaidi ni katika tahajia ya majina.

2. Lugha ya kibali

Mji wa Garissa uko kwenye ukingo wa mto Tana, mahali ambapo malisho ya wafugaji hukutana na mashamba ya watu wa mtoni. Kisomali ndicho kisemwacho na wengi. Lakini Wamunyoyaya, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo, na Wamalakote, ambao lugha yao ni ya Kibantu, wako mtoni tangu zamani. Na kusini, kuelekea Ijara na msitu wa Boni, wako Waaweer. Basi wingi wa lugha si jambo geni huko, wala halikuletwa na mitambo.

Kwa sheria ya mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo hata leo hutajwa kwa herufi zake tatu za Kiingereza, NFD. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwazidishia maofisa wa wilaya uwezo juu ya nyendo na malisho ya wenyeji. Kibali kiliandikwa kwa Kiingereza, na aliyekiandika ni karani. Yafaa kukumbuka kwamba neno hili, karani, limo pia katika Kisomali kwa umbo la "karraani". Lugha mbili zilimpa mtu huyo jina moja, kwa kuwa kazi yake ilijulikana pande zote mbili.

Hivyo kila lugha ilikuwa na mahali pake. Kiingereza kilikuwa lugha ya waraka wa serikali. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya soko, nacho kilitumika kumfikishia mwenyeji yale yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Kiarabu kilikuwa lugha ya dini na ya elimu ya duksi, ambako mtoto aliandika aya kwenye ubao wake kwa wino. Kisomali kilikuwa lugha ya kila jambo jingine: nyumba, kisima, ndoa, suluhu na ushairi, lakini hakikuwa na hati iliyokubaliwa na wote. Wako waliokiandika kwa herufi za Kiarabu, na mnamo mwaka 1920 hivi Osman Yusuf Kenadid alibuni hati mpya, ijulikanayo kama Osmanya. Hakuna kati ya hati hizo iliyoenea kwa watu wote.

Uhuru wa mwaka 1963 haukuuondoa mpango huo mara moja. Vita vilivyoanza mwaka huo, na kuendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, viliufanya mkoa mpya wa Kaskazini Mashariki uwe chini ya sheria za hali ya hatari, na sheria hizo hazikufutwa hadi mwaka 1991. Vita hivyo viliingiza katika Kiswahili na katika Kiingereza cha Kenya neno "shifta", ambalo asili yake ni lugha za Ethiopia na maana yake ni mnyang'anyi. Mpiganaji hakujiita hivyo. Ni jina aliloandikiwa, kama vile alivyoandikiwa kibali.

3. Zama za sauti

Ikiwa maandishi yalikuwa mali ya ofisi, sauti ilikuwa mali ya watu. Hili ni jambo la msingi kwa yeyote atakaye kuelewa namna simu ya mkononi ilivyopokewa baadaye.

Mwaka 1957 BBC ilianza kutangaza kwa Kisomali, na mwaka huohuo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Mfugaji asiyejua kusoma aliweza kujua mambo ya dunia kabla ya karani kufungua faili lake. Serikali nazo zilitambua nguvu hiyo. Katika miaka ya vita, Redio Mogadishu ilitangaza kwa Kiswahili ili isikike Kenya, na Sauti ya Kenya ilitangaza kwa Kisomali ili isikike mpakani. Kila serikali ilijifunza kusema na watu wa mwenziwe kwa lugha yao. Ndiyo maana mapatano ya mwaka 1967 yalizungumzia pia kukomesha uchochezi wa redioni, na si bunduki pekee.

Baada ya redio ikaja kaseti. Wasomali, ambao ushairi kwao ni njia ya kujadiliana mambo mazito, waliikumbatia haraka. Mwaka 1979 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, aitwaye Gaarriye, alianzisha mfululizo wa mashairi ya kujibizana ulioitwa Deelley, na washairi wengi wakaingia. Mashairi hayo yalisafiri kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono, bila kungoja ruhusa ya kituo cha redio. Kaseti ilitumika pia kama barua: mtu aliye mbali alisema na jamaa zake, akaupeleka utepe kwa msafiri.

Chombo cha tatu ni kile ambacho Waswahili wa zamani walikiita simu ya upepo, na Wasomali hukiita "taar". Hapa pana jambo la kupendeza kwa mwanafunzi wa maneno. Neno "simu" lilitoka katika Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Neno "taar" lilitoka katika lugha za Bara Hindi, nalo lina maana ileile. Jamii mbili jirani zilikopa kutoka pande mbili za bahari moja, zikachagua maana moja, kisha zote mbili zikaendelea kuitumia hata pale waya ulipokuwa haupo tena. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, taar iliunganisha jamaa waliotawanyika, pamoja na wale waliokimbilia Dadaab. Mazungumzo yake hayakuwa na siri, kwani yeyote aliyefungua masafa yaleyale aliweza kusikiliza. Lakini yalikuwa ni mazungumzo, na lugha yake ilikuwa Kisomali.

Kwa muda wote huo, basi, mitambo ya mawasiliano ilikuwa ikiwatia nguvu watu wa mkoa huu bila kuwadai Kiingereza.

4. Herufi mbili

Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kirumi. Kampeni kubwa ya kufundisha kusoma ilifuata, ikafika hadi kwa wafugaji vijijini katika miaka ya 1974 na 1975. Hati hiyo ilikuwa na busara ya kiuchumi: haikuongeza alama yoyote juu au chini ya herufi, ili mashine yoyote ya kupiga chapa iweze kuitumia. Sauti ambazo Kiingereza hakina zilipewa herufi ambazo Kisomali hakikuzihitaji kwa kazi nyingine. Herufi "x" ilipewa sauti ya ha nzito, ile ya neno la Kiarabu "Muhammad". Na herufi "c" ilipewa sauti ya ain. Herufi "p", "v" na "z" ziliachwa nje, kwa kuwa sauti zake hazimo. Ndiyo sababu polisi kwa Kisomali ni "boolis" na pasipoti ni "baasaboor".

Lakini mpaka ulipita katikati ya jambo hilo. Msomali wa Garissa hakuwa raia wa Somalia, na shule yake haikufundisha kwa hati hiyo. Yeye alijifunza kusoma katika Kiswahili na Kiingereza, lugha ambazo hazimpi "x" wala "c" kazi zile. Matokeo yake ni kwamba watu wa lugha moja, na pengine wa ukoo mmoja, waliandika majina yao kwa njia mbili. Aliyesoma Kismayu aliandika "Xasan" na "Cali". Aliyesoma Garissa aliandika "Hassan" na "Ali". Karani wa Kenya asiyejua hati ya Kisomali angelisoma jina la pili kama "Kali", na mwenye jina angekuwa amepewa tabia asiyokuwa nayo.

5. Kambi na shule

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na mji mdogo wa Dadaab kati ya mwaka 1991 na 1992. Wakati wa ukame na njaa ya mwaka 2011 idadi ya wakimbizi ilikaribia nusu milioni, na kambi zikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa. Kwa historia ya lugha hili lilikuwa tukio kubwa.

Kwanza, kambi zilileta Kiingereza cha aina mpya. Shule za kambini zilifuata mtaala wa Kenya, na kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Kismayu au Baidoa alifanya mitihani kwa Kiingereza na kujifunza Kiswahili. Kazi za mashirika ya misaada zilihitaji Kiingereza. Barua za kuombea kuhamishiwa nchi za ng'ambo zilihitaji Kiingereza. Wasomali wana neno "buufis", ambalo kambini limechukua maana ya hamu kali ya kuhamishiwa ng'ambo, hamu iwezayo kumwondolea mtu utulivu. Basi Kiingereza kilikuwa ni lugha ya faili bado, ila faili hili lilikuwa na tumaini ndani yake. Kuanzia mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenya na Kanada vilianza kutoa masomo ya shahada hukohuko Dadaab, kwa sehemu kwa njia ya intaneti.

Pili, kambi ziliwakutanisha Wasomali wa Kenya na wale wa Somalia, nao wakagundua kwamba lugha moja ilikuwa imewatenganisha kidogo. Wageni waliwapa wenyeji jina ambalo kila mpenzi wa Kiswahili anafaa kulijua: "sijui". Msomali wa Kenya huitwa "sijui" kwa sababu, aulizwapo, hujibu kwa neno hilo la Kiswahili. Nao Wakenya wa sehemu nyingine huwaita Wasomali "warya", kutokana na namna wanavyoitana wao kwa wao, au "walalo", kutokana na "walaal", yaani ndugu. Kwa hiyo mtu wa Garissa yuko kati ya majina mawili: kwa upande mmoja anatambulikana kwa Kiswahili chake, kwa upande wa pili kwa Kisomali chake. Hakuna anayemtambua kwa Kiingereza chake, ingawa kwa Kiingereza ndipo alipoandikishwa.

6. Ujumbe mfupi na sauti iliyorudi

Mwaka 1992, wakati kambi zilipokuwa zikijaa, mhandisi mmoja wa Uingereza alituma ujumbe mfupi wa kwanza duniani. Wataalamu walikuwa wameuwekea ujumbe huo mpaka wa alama 160. Mpaka huo ulihusu herufi za Kirumi. Aliyetaka kuandika kwa herufi za Kiarabu alipewa nafasi 70 tu katika ujumbe mmoja. Msomaji ataona mara moja maana yake kwa mahali kama Garissa. Hati ya duksi, iliyotangulia zote kufika, iligeuka kuwa ya gharama zaidi ya maradufu. Hati ya Kirumi ilishinda kwa hesabu ya shilingi kabla ya mtu yeyote kuijadili.

Kwa hiyo, simu za mkononi zilipoenea katika miaka ya 2000, watu walilazimika kuchagua tahajia. Mfano mzuri ni salamu. Kijana wa Kisomali huanza ujumbe wake kwa "asc", na hujibiwa "wcs". Herufi "c" iliyomo humo ni ain ya hati ya mwaka 1972. Kwa mtu asiyejua hati hiyo, herufi hizo hazifunguki. Hati ambayo shule za Kenya hazikuifundisha imeingia Kenya kwa kidole gumba, pasipo mtaala wala mwalimu.

Baada ya salamu, ujumbe waweza kuendelea kwa lugha yoyote kati ya tatu, au kwa zote. Habari za nyumbani huja kwa Kisomali. Habari za fedha huja na maneno ya Kiswahili, kwa sababu huduma zenyewe zilibatizwa kwa Kiswahili. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilibeba neno "pesa" hadi kwenye vibanda vya mpakani, na "sambaza" likawa jina la kumgawia mwenzio salio la simu. Habari za masomo na za kazi huja kwa Kiingereza, kikiwa kimekatwa irabu kama kikatwavyo kwingineko duniani. Anayeuona mchanganyiko huu kuwa uvivu hajautazama vizuri. Mwandishi anayejua kila kipande cha habari kinatoka katika lugha gani ana elimu ambayo karani wa mwaka 1934 hakuwa nayo.

Jambo la pili ni kurudi kwa sauti. Mwaka 2013 WhatsApp ilianza kupokea ujumbe wa sauti, na Wasomali wakawa miongoni mwa watu walioutumia kwa wingi. Hili halishangazi. Ujumbe wa sauti ni kaseti isiyohitaji msafiri. Mama wa Garissa asiyesoma husema na mwanawe aliye Minneapolis au Toronto kama alivyosema zamani kwa taar, ila sasa hakuna jirani anayesikiliza. Naye mwana hujibu, na katika jibu lake Kiingereza cha huko hupenya. Njia hiyo haiendi upande mmoja. Vijana wa London na Toronto, hata wasio Wasomali, leo huapa "wallahi" katikati ya sentensi ya Kiingereza, na katika Toronto wapo Wasomali wengi miongoni mwa wale waliolieneza neno hilo. Mtu aliyekwenda ng'ambo kwa barua ya Kiingereza alikuta Kiingereza kinamngoja, naye akakitia chumvi yake.

7. Jina na kipande

Hadi hapa historia yetu yaonekana kuwa ya ushindi. Yafaa sasa tumtazame karani aliyebaki.

Kitambulisho cha Kenya watu hukiita kipande, kwa jina la cheti ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waafrika kukibeba. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wasomali wote wa Kenya wachunguzwe uraia wao, na waliokubaliwa walipewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kipande walichokuwa nacho tayari. Katika uchunguzi wa namna hiyo, tahajia si jambo dogo. Jina lililoandikwa "Mohamed" katika cheti cha baba na "Mohamud" katika cheti cha mwana laweza kuwa jina moja lililopita mikononi mwa makarani wawili, au yaweza kuwa majina mawili kweli, kwani Kisomali hutofautisha "Maxamed" na "Maxamuud". Hati ya Kisomali ingeonyesha tofauti hiyo bila shaka yoyote. Tahajia ya karani huificha, halafu mwenye jina huulizwa aieleze.

Simu iliongeza uzito wa jambo hili. Mwaka 2010 serikali iliagiza kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho. Tangu hapo mtu anayeitwa "Xasan" katika ujumbe wa rafiki zake huitwa "Hassan" katika ujumbe wa fedha, kwa kuwa jina litokealo humo ni lile la kipande. Asiye na kipande hana laini iliyo yake, na asiye na laini hana pesa mkononi. Tena wako raia ambao, wakati wa njaa, waliandikishwa Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Alama za vidole vyao zikabaki katika daftari la mashine, na walipokwenda kuomba kipande waliambiwa kwamba wao ni wageni. Karani wa zamani aliweza kusahau. Mashine haisahau, wala haielewi kwa nini mtu mwenye njaa alijiandikisha.

Mnamo Februari 2025, akiwa Wajir, Rais wa Kenya alitangaza kufutwa kwa uchunguzi wa ziada uliokuwa ukifanyiwa watu wa mkoa huu waombapo vitambulisho. Tangazo hilo limeondoa kikao cha wazee na maofisa. Halikuondoa tahajia zilizokwisha kuandikwa.

8. Mwalimu na mnara

Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kilishambuliwa, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Siku zilizofuata, Wakenya katika mitandao walianza kuandika majina ya waliokufa na kuweka picha zao, chini ya maneno ya Kiingereza yaliyotanguliwa na alama ya reli, yaliyosema kwamba 147, hesabu iliyotajwa mwanzoni, si namba tu. Katika historia tunayoisimulia, tendo hilo lina mahali pake maalumu. Kiingereza, ambacho Garissa kilikuwa kwa muda mrefu lugha ya kuhesabu watu, kilitumiwa safari hii kukataa hesabu na kudai majina.

Lakini mashambulio hayo yaliacha pengo ambalo simu haiwezi kuliziba. Baada ya watu 28 kuuawa katika basi karibu na Mandera mnamo Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na tume ya kuajiri walimu ikawahamisha wengi wa wenzao kutoka kaunti zote tatu. Mtihani wa taifa uliendelea kuwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza hakuwapo. Aidha, minara ya simu imebomolewa mara kadhaa karibu na mpaka, na vijiji vikakaa kimya kama zamani za vibali.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwamba simu inaharibu Kiingereza, na pia na wale wasemao kwamba simu itakifundisha. Mtoto wa Garissa aliyejifunza kuandika "asc" na kukata irabu hajaharibikiwa na kitu. Lakini ujumbe mfupi haumfundishi kuandika rufaa, wala barua ya kudai haki, wala maelezo ya kwa nini jina lake limeandikwa kwa njia mbili. Kiingereza cha namna hiyo hufundishwa na mwalimu aliye darasani, naye mwalimu huja pale anapokuwa salama.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba katika Kaskazini Mashariki ya Kenya maandishi ya Kiingereza yalitangulia kufika yakiwa kibali, na kwamba watu waliishi miongo mingi kwa redio, kaseti na taar, vyombo ambavyo viliwaachia lugha zao. Tumeona kwamba simu ya mkononi iliwapa kalamu, na kwamba kalamu hiyo iliandika kwa lugha tatu tangu siku ya kwanza. Na tumeona kwamba jina la mtu, ambalo ndilo neno lililo lake kuliko yote, bado huandikwa na mwingine.

Kutokana na hayo twatoa pendekezo moja kwa idara za lugha na kwa ofisi za serikali. Makarani wa usajili katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera wafundishwe hati ya Kisomali, herufi zake na sauti zake, ili waweze kumwuliza mtu jina lake linavyoandikwa kwa lugha yake kabla ya kuliandika kwa lugha ya faili. Ni kazi ya siku chache, kwa kuwa hati yenyewe ilitengenezwa iwe nyepesi. Vijana wanaotuma "asc" kila asubuhi wanaweza kuwa walimu wa somo hilo.